Mwaka wa Besi ya Kamba Tano

Mke wa Kisimba alinipigia simu kutoka Kolwezi, na kabla hajamaliza salamu nilikuwa nimekwisha kujua. Alisema walimzika Jumamosi. Alitaka kunipigia mapema lakini mtandao ulikuwa umekatika. Kifua kilikuwa kinamsumbua mumewe tangu mvua zilipoanza, na mwishowe pumzi ilimkatalia. "Alikuwa anakutaya jina sana, tata," akaniambia. "Alisema, Barto bamwambie." Niliweka simu mezani nikatoka uani. Goreti, mke wangu, alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Aliinua uso, akanitazama, akauliza, "Ni Kisimba?" Nikaitika kwa kichwa. Akarudisha macho kwenye ungo na mkono wake ukaendelea na kazi, lakini niliona anatupa mazima pamoja na mabovu. Tunaishi Mwene-Ditu, huku Kasai, miaka mingi sasa, tuna watoto wakubwa na wajukuu, na kuna mwaka mmoja ambao hatuuzungumzi mezani. Kisimba alikuwa mtu wa mwaka huo. Sasa amekufa, na nimebaki mwanaume pekee anayejua ulivyopita, kwa hiyo nauandika.

Kisimba alikuwa fundi wa mashine katika karakana kuu ya kampuni ya migodi, na katika okestra yetu ya mtaa alipiga gita la solo. Mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye kampuni hiyo hiyo, na mpiga besi. Watu wake walitoka kaskazini ya Katanga, wangu walitoka Kasai. Mimi nilizaliwa Kolwezi, Katanga hiyo hiyo, na Kasai nilikuwa sijaiona hata kwa dirisha la treni. Tulipokuwa vijana, kujua nani ni wa wapi hakukuwa na uzito zaidi kuliko kujua nani ni Mkatoliki na nani ni Mmethodisti. Kazi ya kampuni ilikuwa inakufa taratibu. Mashine zilisimama kwa kukosa vipuri, mishahara ilichelewa hadi watu wakaacha kuiulizia, na jioni tulikuwa tunapiga muziki kwenye baa ambayo bia yake ilikuwa imekwisha. Watu walikuja hata hivyo, wakakaa na glasi za maji. Besi niliyokuwa natumia ilikuwa mali ya mwenye baa. Shingo yake ilikuwa imepinda kama upinde, na nikiipiga nusu saa vidole vilitoka malengelenge.

Ile nyingine niliiona kwa Mgiriki mmoja tuliyemwita Yani, mwenye duka la vyakula mjini. Wakati huo rafu zake zilikuwa zimebaki na chumvi, viberiti, na makopo ya nyanya yaliyoota kutu. Wazungu wengi walikuwa wameondoka baada ya askari kupora miji, na baadhi yao walimwachia Yani vitu vyao auze. Chumba cha nyuma ya duka kilijaa mashine za kufulia, viti vya ngozi na baiskeli za watoto, na juu ya yote harufu ya jibini la siku nyingi. Sanduku jeusi lilikuwa chini ya zulia lililokunjwa. Yani alilifungua bila kupenda, kama mtu anayefungua friji huku anajua haina kitu. Ndani, juu ya kitambaa laini cha rangi ya divai, ililala besi ya kamba tano. Mti wake ulikuwa na mistari kama maji yanayotembea, nati zake za kukazia kamba zilikuwa nzito na zenye mafuta, na kwa nyuma palikuwa na mlango mdogo wa betri, kwa kuwa ilikuwa ya aina inayokuza sauti yake yenyewe kabla haijafika kwenye spika. Nilikuwa nimeona besi kama ile kwenye jalada la sahani moja tu ya muziki. Yani hakutaka noti, na hakuna aliyezitaka wakati ule, kwa sababu bei ya asubuhi haikuwa bei ya jioni. Aliangalia nje, akaiona pikipiki yangu. Nilikwenda nyumbani kwa miguu, sanduku begani.

Goreti alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Alisimama mlangoni, akatazama sanduku, akatazama njia niliyotoka. "Na moto iko wapi?" Pikipiki tuliiita moto. Nikamwambia. Alilizunguka sanduku, akalifungua mwenyewe, akagusa kamba moja kwa kidole. "Sasa utaipanda hii kwenda kazi?" Lakini alikuwa anacheka, na mimi nikacheka. Nikifikiri leo, sijui nilitaka nini hasa. Kila kitu mjini kilikuwa kinabomoka, na nilikuwa na umri ambao mtu anadhani kitu kimoja kizuri kikiingia nyumbani, mengine yatafuata.

Kumbe kuinunua ilikuwa nusu tu ya kazi. Besi ilikuwa imekaa kwenye joto la chumba kile bila kuguswa, na shingo ilikuwa imevutwa mbele na kamba. Katikati ya shingo ungeweza kupitisha kidole kati ya kamba na mbao. Nikaipeleka kwa Kisimba. Aliishi na mama yake, Mama Ester, katika nyumba ya kampuni yenye sebule ndogo, meza moja, kabati la vikombe visivyotumika, na dirisha linalotazama uani. Kisimba aliilaza besi mezani juu ya blanketi, akafumba jicho moja, akaitazama kwa urefu kama anavyotazama mhimili wa mashine. "Ndani ya shingo iko fimbo ya chuma," akasema. "Tukiikaza, inarudisha muti nyuma. Lakini funguo zetu zote ziko za milimeta, na hii iko ya kipimo cha Amerika." Akachonga ufunguo wake mwenyewe kwa tupa, wenye pembe sita, Jumapili nzima, huku mimi nikishika taa ya mkono na Mama Ester akilalamika kwamba unga wa chuma utaingia kwenye bukari, ugali wetu. Ufunguo ulipoingia, aliuzungusha kidogo sana, kisha akauchomoa. Nikauliza mbona hamalizi. "Muti haitaki haraka. Tutaiacha mpaka siku ya Mungu ingine."

Ndivyo majira ya kiangazi yalivyokwenda. Kila Jumapili baada ya ibada, yeye akitoka kanisani kwao na mimi kwetu, tulikutana kwenye meza ile. Kamba mpya hazikupatikana popote, kwa hiyo tulizivua za zamani na kuzichemsha ili uchafu utoke. Mama Ester aliinua kifuniko cha sufuria yake akaona zimejikunja ndani kama nyoka. "Munapika nini mu sufuria yangu?"

"Kamba za besi, mama," Kisimba akajibu.

"Na munasema mushahara haitoshe kununua nyama."

Alituwekea chakula hata hivyo, bukari na sombe ya majani ya mihogo na samaki wadogo wa kukaushwa, na alikuwa na desturi ya kunipa mimi kichwa cha mwisho cha samaki kwenye sahani, kwa sababu mke wangu alikuwa na mimba na mtu wa nyumba hiyo lazima ale. Sikuelewa hoja hiyo lakini nilikula. Siku moja Kisimba alitaka kusawazisha daraja, pale kamba zinapoishia, ili kila noti iwe kweli kuanzia chini hadi juu ya shingo. Hatukuwa na kifaa cha kupimia sauti. Tukaomba ruhusa kuingia kanisani kwao siku ya kazi, mchana, na Goreti akakaa kwenye kinanda cha miguu, tumbo likigusa ubao, akabonyeza noti moja akaishikilia. Nilipiga kamba, Kisimba akazungusha skrubu kwa bisibisi ndogo. Sauti mbili zilipishana na kutetemeka, zikatetemeka polepole zaidi, zikatulia zikawa moja. "Hapo," Goreti akasema, kabla yetu sisi wawili. Aliendelea kubonyeza kinanda. Mtoto alikuwa amegeuka tumboni kwa ile sauti nzito, na Goreti alitaka ageuke tena.

Jumapili nyingine, tukiwa ndani, mjomba wa Kisimba alikuja kumsalimu Mama Ester. Aliitwa Tata Monga, alikuwa na kazi ndogo ofisini mjini, na siku hizo alivaa kofia ya vijana wa chama ingawa hakuwa kijana. Walikaa uani chini ya dirisha, mama akimenya mihogo. Redio zilikuwa zimekwisha kuanza hotuba za kutaka watu wa Kasai waondoke Katanga. Waliitwa bilulu, wadudu, na mji wa jirani wa Likasi ulikuwa umekwisha kuwafukuza.

"Ester, huyu mutoto wa Kasai anakuya hapa kila siku ya Mungu?"

"Anakuya. Anakula hapa."

"Bantu banaona."

"Baone."

"Siku ingine batauliza hii nyumba iko ya nani."

Kisu cha Mama Ester kiliendelea kukwangua. "Monga, mi nilizaa Kisimba hapa. Mama ya huyu alizaa yee hapa, ku maternite moya. Sasa yee iko Mukasai wa wapi?"

Ndani, tupa ya Kisimba ilikuwa imenyamaza. Tulikuwa tumeinamia besi ile ile na hatukutazamana. Nilitamani aseme neno na niliogopa atasema. Kisha tupa ikaanza tena, polepole zaidi, na bila kuinua kichwa akaniambia, "Nipe ile bisibisi ndogo." Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, nimesikia watu wakitoa hotuba za umoja mbele ya vipaza sauti, na hakuna iliyonituliza kama sentensi ile.

Besi iliimba mwishoni mwa kiangazi. Tuliipiga mara chache tu mbele ya watu. Sauti yake haikuwa kubwa, ilikuwa pana, na mtu aliyekaa mwisho wa baa aliihisi kwenye kiti chake. Mvua za kwanza zilipofika, binti yetu akazaliwa, tukamwita Ngalula. Mvua hizo hizo zilirudisha unyevu kwenye mbao, shingo ikaanza kuvutika mbele tena, na mpiga ngoma wetu akaacha kuja mazoezini. Hakutoa sababu. Nilimkuta njiani akapita upande wa pili. Mwezi uliofuata nilipeleka besi kwa Kisimba airekebishe, na huko ndiko ilikokuwa tulipofukuzwa.

Walikuja asubuhi, vijana wa mtaani kwetu, baadhi yao niliwajua kwa majina ya nyumbani. Hawakuwa na kelele nyingi. Mmoja alisema, "Tata Barto, utoke, bitu ubakishe." Mwingine alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti changu kujaribu kama kinamfaa. Goreti alimfunga mtoto mgongoni, akachukua sufuria na blanketi, nami nikachukua mfuko wa unga, na katika njia ya kwenda stesheni tukakuta mtaa mzima wa watu wetu wakitembea, wengine wamebeba milango ya nyumba zao kichwani. Niliicheka milango hiyo moyoni. Baadaye, tulipokuwa tunalala chini ya mvua kando ya reli, wenye milango walikuwa na paa.

Tulikaa stesheni majuma mengi. Treni ilikuja ikajaa hadi juu ya mabehewa, ikaondoka, na waliobaki walikuwa wengi kuliko walioondoka. Watu walichoma viti vyao kupikia. Surua iliingia kwa watoto, na kila asubuhi ulisikia upande mmoja wa uwanja ukianza kulia, ukajua. Kisimba alikuja. Katika wale wote niliofanya nao kazi, ni yeye pekee aliyekuja mchana, kwa njia kuu, na bakuli la bukari limefungwa kwenye kitambaa cha mama yake. Alichuchumaa mbele yetu akatutazama tunavyokula. Ngalula alikuwa na homa, macho mekundu, na vipele vilikuwa vimeanza nyuma ya masikio.

Goreti alimaliza kula, akafuta mikono. "Kisimba, ile besi iko kwako?"

"Iko. Niliificha chini ya kitanda ya mama."

"Uilete. Tata Kazadi iko na behewa ya kufunika, alikodi yote kwa bitu yake. Mu pembe iko nafasi ya bantu. Anataka kitu, na siye hatuna kitu." Akanigeukia. "Barto, sema."

Kazadi alikuwa mfanyabiashara, Mkasai kama sisi, aliyefukuzwa kama sisi, ila yeye alifukuzwa na magunia. Nilifikiria mtoto juu ya paa la treni kwenye mvua. Nikasema, "Ilete."

Kuileta haikuwa jambo dogo, nami sikujua hadi aliponisimulia miaka mingi baadaye. Kwenye kizuizi karibu na soko vijana walimsimamisha, wakamwambia afungue sanduku, kisha wakamwambia apige. Besi ya umeme bila spika haina sauti ya kusikika. Walisogea, wakainama, mmoja akaweka sikio karibu na mbao. "Hii imekufa," akasema, na wakamwacha apite, ila mmoja alimpiga kofi la kisogo akamwambia asiwapelekee bilulu vitu vya watu. Alitufikia ametulia kabisa. Kazadi alifungua sanduku, akagonga mbao kwa kidole kama anayenunua boga, akafunga. Hatukuagana vizuri, Kisimba na mimi. Watu walikuwa wanasukumana, nikampandisha Goreti, nilipogeuka niliona mgongo wake tu.

Ndani ya behewa kulikuwa giza na harufu ya mahindi na ya watu. Besi ililazwa juu ya magunia, na sisi tulikaa chini yake, kwa hiyo safari nzima nilikuwa nimeegemea kitu ambacho hakikuwa changu tena. Treni ilisimama zaidi kuliko ilivyotembea. Baada ya Bukama, kikohozi cha Ngalula kikawa kikavu, kisha kikawa kidogo, na asubuhi moja Goreti alimpa titi, akangoja, akalitoa titi, akalirudisha, akangoja tena. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Barto, hanyonyi." Nilimchukua. Alikuwa bado na joto la mama yake upande mmoja.

Treni ilisimama mahali pasipo na ubao wa jina, nyasi ndefu pande zote. Wanaume wawili waliteremka nami wakiwa na jembe na kipande cha bati. Goreti alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mlango na mtoto kwenye kitenge, akisema hamweki kwenye udongo mtupu, mvua iko, udongo uko baridi. Alilisema bila kulia, akilirudia. Ndipo Kazadi, ambaye njia nzima hakuwa amesema nasi zaidi ya neno la kusogea, alipanda juu ya magunia yake, akafungua sanduku, akaitoa besi, akaizungushia blanketi la mkewe, na akateremka na lile sanduku tupu. Aliliweka chini mbele ya Goreti na kwenda kusimama mbali, akiwa ametupa mgongo. Goreti aligusa kitambaa kile laini kwa kiganja. Kisha akamlaza mwenyewe.

Sikuitafuta besi baada ya hapo. Nilisikia Kazadi aliiuza kwa okestra ya Mbuji-Mayi, na ninatumaini ilipata mpigaji. Kisimba alikuja kwetu mara moja, miaka mingi baadaye, alipokuwa ananunua mahindi ya kwenda kuuza Kolwezi. Kampuni ilikuwa imemtupa, alikuwa amechimba kobalti chini ya nyumba za watu kule Kasulo, na tayari alikohoa lile vumbi. Tulikaa sebuleni, tukacheka mambo ya zamani. Akauliza, "Shingo ya besi ilishikilia njiani?" Nikamweleza habari ya sanduku, kwa sababu hakuwa ameisikia. Alivua kofia akaishika mikononi. Halafu akainuka, akapita mlango wa nyuma, akaenda jikoni alipokuwa Goreti, akavuta kigoda, akaanza kumsaidia kumenya mihogo. Nilikuwa nasikia visu vyao kutoka sebuleni, hadi chakula kikaiva.

Lakini nikiukumbuka mwaka ule, unaishia mahali pengine. Unaishia siku tuliyofika Mwene-Ditu. Watu wa mji walikuwa wamekuja stesheni kutupokea, ndugu zetu, walivyosema, na walikuwa na maji na ndizi. Wengi wetu tuliozaliwa Kolwezi hatukujua Chiluba, lugha ya Kasai, cha kutosha hata kushukuru, na walitucheka kidogo, bila ubaya. Mama mmoja mnene alimshika Goreti mkono, akatazama kifua cha blauzi yake, ambacho kilikuwa kimelowa, na akamuuliza jambo kwa sauti ya haraka, yenye upole. Alikuwa anauliza mtoto yuko wapi, aletwe anyonyeshwe, maziwa yanamwagika.

Goreti akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anauliza kama una kiu," nikamwambia.

Alijitazama kifuani. Watu walikuwa wanatupita na mizigo yao. "Apana," akasema. "Umwambie mutoto alibakia mu njia."

Na mimi, kwa Chiluba changu kibovu, nikitafuta neno moja moja, nikamwambia yule mama.